Machicha ya Sake na Maumivu Yanayoongezwa na Msongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akisikia kwamba pombe ya mchele imepunguza maumivu ya panya, wazo la kwanza linalomjia ni ulevi, na hapo ndipo upotoshaji unapoanzia. Panya wanaozungumziwa hapa walipewa machicha yanayobaki baada ya kukamua sake, na katika utafiti mwingine walipewa koji, yaani ukungu unaoanzisha pombe hiyo. Kilichopungua ni yale maumivu ambayo msongo ulikuwa umeyazidisha. Majibu yafuatayo yanaeleza jambo hilo kwa kirefu, kwa sababu ni jambo zuri la kisayansi, na linastahili kusomwa kama lilivyo bila kutiwa chumvi.

Sake hutengenezwaje, na machicha yake hutoka wapi?

Sake ni pombe ya mchele ya Wajapani. Mchele wake hukobolewa kuliko ule wa kula, kwa sababu tabaka la nje la punje lina mafuta na protini zinazoharibu ladha; katika daraja la juu liitwalo daiginjo, nusu ya punje au zaidi huondolewa kabla ya kazi yenyewe kuanza. Mchele huo hulowekwa, hupikwa kwa mvuke, kisha sehemu yake hupelekwa katika chumba chenye joto, hutandazwa, na kunyunyiziwa mbegu za ukungu uitwao koji, ambao jina lake la kisayansi ni Aspergillus oryzae. Kwa muda wa siku mbili hivi mafundi huugeuza na kuufikicha kwa mikono, mchana na usiku, ili joto lisizidi, mpaka kila punje ivae utando mweupe kama sufi.

Kazi ya koji ni kuugeuza wanga kuwa sukari. Hamira haiwezi kula wanga, inakula sukari tu, na ndiyo maana watengenezaji wa pombe za nafaka huku kwetu hutumia kimea cha ulezi au cha mtama: mbegu inapochipua hutoa vimeng'enya vya kuuvunja wanga. Wajapani wameukabidhi ukungu kazi hiyo hiyo. Tena koji na hamira hufanya kazi kwa wakati mmoja katika pipa moja, sukari ikiliwa kadiri inavyotengenezwa, na kwa njia hiyo kileo huweza kufika karibu asilimia 20 kabla ya sake kuongezwa maji na kuuzwa, kwa kawaida ikiwa na asilimia 15 au 16.

Baada ya wiki kadhaa uji huo mzito hutiwa katika mifuko ya kitambaa au katika mashine ya kukamulia. Maji yanayochuruzika ndiyo sake. Yanayobaki kwenye kitambaa ndiyo machicha, kwa Kijapani sake kasu: shuka jeupe lenye unyevu, lenye unene wa chapati, ambalo hubanduliwa kwa mkono na kukunjwa. Aliyewahi kukamua tui atanielewa upesi, kwani machicha ya nazi nayo hayatoki matupu; bado yana mafuta na harufu ya nazi. Katika machicha ya sake hubaki punje ambazo hazikuyeyuka, seli za hamira zisizo na idadi, masalia ya koji, amino asidi, vitamini za kundi B, na kileo ambacho hakikukamuka, kwa kawaida karibu asilimia 8. Wajapani huyapikia supu, huyatumia kuhifadhia mboga na samaki, na huyachanganya na maji ya moto yenye sukari ili kupata kinywaji kitamu cha majira ya baridi. Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kutengeneza sake kwa koji katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Msongo unawezaje kuongeza maumivu? Mbona tumezoea kusikia kwamba mtu mwenye hofu hasikii maumivu?

Yote mawili ni kweli, na tofauti iko katika muda. Mwaka 1946 daktari Mmarekani Henry Beecher aliandika kuhusu askari waliojeruhiwa vibaya vitani, ambao wengi wao, walipoulizwa, hawakuhitaji dawa ya maumivu. Mnyama anayekimbia kuokoa roho yake hana nafasi ya kuuguza mguu, kwa hiyo ubongo huuzima uchungu kwa muda. Huo ni msongo wa ghafla na mkali, unaokuja na kupita.

Msongo unaorudi kila siku hufanya kinyume chake. Kutoka katika shina la ubongo, hasa katika kiini kinachoitwa rafe magna, nyuzi za neva hushuka hadi kwenye uti wa mgongo zikiwa zimebeba kemikali kama serotonini. Nyuzi hizo ni kama mlinzi wa lango: zinaweza kuibana taarifa ya maumivu inayopanda kutoka mguuni au tayani, na zinaweza pia kuifungulia njia ipite kwa nguvu zaidi. Msongo ukidumu, mlinzi huyo huanza kuegemea upande wa kufungua. Kidonda kinabaki kile kile, lakini mwili unalalamika zaidi. Wataalamu huiita hali hiyo ongezeko la maumivu litokanalo na msongo, na ndiyo hali waliyoilenga watafiti wa sake.

Ninaliona hili kuwa jambo lenye uzito hata nje ya maabara. Mgonjwa anayeambiwa kwamba maumivu yake "ni mawazo tu" huondoka akiwa amedhalilishwa, ilhali mawazo yenyewe yana njia ya neva inayojulikana, inayoshuka mpaka kwenye uti wa mgongo, na inayoweza kupimwa.

Utafiti wenyewe ulifanyika wapi, na ulifanyikaje?

Ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Niigata, pwani ya magharibi ya Japani, katika mkoa wa theluji nyingi na mpunga mzuri wenye viwanda vya sake vinavyokaribia 90. Watafiti wake walitoka upande wa tiba ya kinywa na meno, jambo linaloweza kumshangaza msomaji mpaka akumbuke kwamba madaktari wa meno hukutana kila siku na watu wenye maumivu ya taya na ya misuli ya kutafuna, maumivu ambayo mara nyingi huzidi mgonjwa anapokuwa katika msongo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, panya wa maabara wa aina ile kubwa waliwekwa katika msongo kwa siku kadhaa mfululizo kwa kuogeleshwa ndani ya chombo cha maji ambacho hawawezi kukigusa chini wala kutoka. Wengine walipewa machicha ya sake kila siku katika kipindi hicho, na wengine hawakupewa. Baadaye walidungwa fomalini kidogo, kemikali inayowasha, kwenye wayo wa mguu wa nyuma. Fomalini husababisha maumivu yanayokuja kwa awamu mbili: kwanza dakika chache ambazo panya huinua mguu, huutikisa na kuulamba, kisha utulivu mfupi, kisha awamu ndefu inayoweza kuendelea hadi saa nzima. Mtafiti hukaa na saa yake, akihesabu ni muda gani mnyama ameutumia kuulamba mguu ule. Ni kazi ya subira, na haina raha, lakini humpa mnyama asiyeweza kusema namna ya kutueleza kiasi anachoumia.

Kipimo cha pili hakitegemei macho ya mtazamaji wa tabia. Seli ya neva inapochangamka sana, ndani yake hutengenezwa protini iitwayo Fos, na protini hiyo huonekana saa moja au mbili baadaye. Baada ya jaribio, uti wa mgongo wa panya hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa kingamwili na rangi, kisha huwekwa chini ya darubini. Kila kiini cha seli kilichochangamka huonekana kama nukta nyeusi, na nukta hizo huhesabiwa katika pembe ya nyuma ya uti wa mgongo wa kiunoni, mahali ambapo taarifa za maumivu ya mguu huingilia.

Matokeo yalikuwa nini?

Panya waliopitia msongo walionyesha maumivu zaidi kuliko wasiopitia, na nukta za Fos ziliongezeka. Kwa wale waliopewa machicha ya sake kila siku, ongezeko hilo la tabia za maumivu na la nukta lilipungua. Naomba msomaji alishike neno "ongezeko". Matokeo haya hayamaanishi kwamba machicha ni dawa ya ganzi inayomfanya mnyama asihisi fomalini.

Je, si kileo tu kilichowatuliza panya?

Hili ndilo swali lililo muhimu kuliko yote, na ndilo linaloulizwa na watu wenye busara. Ni kweli kwamba kileo chenyewe hupunguza maumivu kwa muda mfupi. Watu wamelijua hilo tangu kale, na maabara zimelithibitisha. Lakini pia kileo kinapotoka mwilini baada ya mazoea, hisia ya maumivu hupanda kupita ilivyokuwa mwanzo, na unywaji mwingi wa miaka huharibu neva za miguu na mikono mpaka mtu akahisi moto nyayoni. Kama jibu lote lingekuwa kileo, basi tungekuwa tumezunguka bure na kurudi pale pale.

Njia nzuri ya kulijibu swali hili ni kurudi nyuma katika hatua za utengenezaji hadi pale ambapo kileo bado hakijakuwepo. Koji hutengenezwa kabla ya hamira kuingia, kwa hiyo haina kileo. Timu ya Niigata ilifanya hivyo, na mwaka 2023 ikachapisha utafiti ambamo panya wa kiume wa aina ile ndogo walipewa koji ya mchele kila siku huku wakipitia msongo ule ule wa kuogeleshwa. Msongo uliongeza tabia za wasiwasi pamoja na tabia za maumivu ya mguu. Koji ilizuia ongezeko la yote mawili. Kwangu mimi utafiti huu wa pili una uzito kuliko ule wa kwanza, kwa sababu unaonyesha kwamba faida iliyoonekana inaweza kupatikana bila tone la pombe.

Basi ni kitu gani kilicho ndani ya koji?

Watafiti walikielekeza kidole kwenye kemikali moja iitwayo egothionini. Iligunduliwa mwaka 1909 na mkemia Mfaransa Charles Tanret katika ukungu wa ergoti, ule unaoshambulia nafaka ya rai. Wanyama na binadamu hawawezi kuitengeneza. Hutengenezwa na kuvu pamoja na baadhi ya bakteria, nasi huipata kwa chakula. Ajabu yake ni kwamba, ingawa hatuitengenezi, seli zetu zina mlango maalumu wa kuiingiza, protini ambayo mwaka 2005 ilitambuliwa kuwa msafirishaji wake. Mwili haujengi mlango kwa ajili ya mgeni asiye na maana, na ndiyo sababu wanakemia wengi huichunguza kwa makini. Uyoga ndio chakula chenye egothionini nyingi zaidi, ukiwemo uyoga mamama unaolimwa na akina mama wengi katika mabanda ya Tanzania, Kenya na Uganda.

Katika utafiti wa 2023, panya waliopewa egothionini peke yake walionyesha matokeo yanayofanana na ya waliopewa koji. Tena watafiti walitazama sehemu tatu: kiini kimoja cha hipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, kinachoendesha homoni za msongo, kiini cha rafe magna, na pembe ya nyuma ya uti wa mgongo. Kabla ya kudungwa fomalini, koji na egothionini zilizuia badiliko lililoletwa na msongo katika hipothalamasi tu. Zile sehemu nyingine mbili hazikuguswa. Baada ya fomalini, zilizuia mabadiliko katika sehemu zote tatu. Tafsiri yangu ni kwamba kitu hiki hakiuzimi mfumo wa maumivu ukiwa umetulia; kinaukuta msongo juu kabisa, kwenye kituo chake cha amri, na athari yake huonekana huku chini pale maumivu yanapobisha hodi. Katika seli za aina ya neva zilizokuzwa maabara, koji na egothionini hazikuathiri uhai wa seli, ila zilibadilisha kiwango cha protini moja inayolea na kuimarisha neva.

Machicha, kwa upande wake, yana vitu vingi zaidi ya koji kwa sababu yamebeba hamira nzima nzima. Si haki kuipa egothionini sifa zote za machicha.

Je, machicha au koji huponya maumivu ambayo tayari yapo?

Majaribio haya yalipima kinga. Mnyama alipewa machicha au koji katika siku zile zile alizokuwa akiwekwa kwenye msongo, kabla ya maumivu kuletwa. Kumpa mnyama ambaye tayari ana maumivu sugu ya miezi kadhaa ni jaribio jingine kabisa.

Kwa nini panya wa kiume tu?

Kwa miaka mingi maabara nyingi za maumivu zimetumia wanyama wa kiume kwa hoja kwamba mzunguko wa homoni za jike huvuruga matokeo. Hoja hiyo hainiridhishi. Maumivu ya kiungo cha taya, ambayo ndiyo hasa yanayowahangaisha madaktari wa meno, huwapata wanawake kuliko wanaume, kwa hiyo kuwaacha majike ni kuwaacha wagonjwa walio wengi. Yeyote atakayeuendeleza utafiti huu aanzie hapo.

Je, ni halali kuwatesa wanyama ili kujua jambo kama hili?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu, na ni haki liulizwe. Tangu mwaka 1959, wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, walipoweka kanuni tatu za kazi ya wanyama, kila mtafiti makini hutakiwa kutumia njia mbadala pale inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza mateso yao. Jaribio la kuogelesha hasa limepata wapinzani wengi, hata miongoni mwa wanasayansi, wanaosema kwamba mnyama anayeacha kuhangaika majini huenda amejifunza tu kuelea. Naliona pingamizi hilo kuwa na nguvu pale jaribio linapotumika kupima huzuni. Pale linapotumika kuleta msongo tu, kama ilivyokuwa Niigata, swali linalobaki ni kama msongo huo unafanana na wa maisha. Kwa sehemu unafanana: unajirudia, na mnyama hana la kufanya kuuepuka.

Mimi nina maumivu ya taya wakati wa msongo. Je, ninywe sake, au nile machicha yake?

Usinywe sake kwa ajili hiyo. Hakuna jambo katika tafiti hizi linalomruhusu mtu kutumia kileo kama dawa, na nimekwisha kueleza jinsi kileo kinavyoligeuka jambo lenyewe. Ukila machicha kama chakula, kwa namna Wajapani wanavyofanya, utapata chakula chenye lishe, lakini kumbuka kwamba machicha mabichi yana kileo. Mjamzito, mtoto, dereva, mtu aliyeacha pombe, na mtu ambaye dini yake inaikataza wana sababu ya kuyaepuka. Panya ana mwili mdogo na kimetaboliki ya kasi, kwa hiyo kipimo chake hakihamishwi kwa binadamu kwa hesabu ya kugawa na kuzidisha. Maumivu ya taya yanayodumu yanahitaji daktari wa meno, hasa kama kinywa hakifunguki vizuri au taya inakwama.

Je, togwa, mbege au mnazi navyo vina faida hiyo?

Hivi ni vinywaji vya familia nyingine. Togwa huchachushwa hasa na bakteria wa asidi ya laktiki, na faida yake iliyochunguzwa Tanzania katika miaka ya 1990 ni ya tumbo: watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa kwa njia hiyo walionekana kuwa na vijidudu vya kuharisha vichache katika kinyesi chao. Mbege ya Wachagga hutokana na ndizi na kimea cha ulezi, na mnazi ni utomvu wa mti unaochachuka wenyewe kwa hamira za porini. Hakuna hata kimoja kinachotumia koji, na hoja ya egothionini iliyojengwa juu ya koji haiwezi kuvalishwa vinywaji hivi kwa sababu tu navyo vimechachuka. Kuchachuka ni jina la kazi nyingi tofauti zinazofanywa na viumbe tofauti.

Ninafuga. Je, niwape ng'ombe au mbwa wangu machicha ya pombe ili kuwapunguzia msongo?

Ng'ombe hulishwa machicha ya viwanda vya bia kwa ajili ya protini, na hiyo ni desturi nzuri ikiwa machicha ni mabichi na yanachanganywa na majani; usitegemee zaidi ya lishe. Kwa ng'ombe, msongo hupunguzwa na maji ya kutosha, kivuli, nafasi bandani na mkono usiopiga. Mbwa na paka wasipewe kabisa, kwa sababu miili yao hulewa na kudhurika kwa kileo kidogo sana, na hamira iliyo hai huendelea kuchachuka na kuvimba tumboni mwao.

Tena msichanganye ukungu na ukungu. Koji ni aina iliyofugwa na Wajapani kwa karne nyingi, isiyotoa sumukuvu, ilhali ndugu yake wa karibu, Aspergillus flavus, hutoa aflatoksini, ambayo huharibu ini la mfugo na kupita hadi kwenye maziwa. Ndugu huyo ndiye anayeota kwenye mahindi na machicha yaliyohifadhiwa vibaya katika hali ya hewa yetu ya joto na unyevunyevu. Machicha mabichi yalishwe ndani ya siku chache au yafukiwe na kushindiliwa kama sailaji yasiingiwe na hewa. Yaliyoota madoa ya kijani au manjano yatupwe yote, bila kuondoa sehemu iliyooza na kulisha iliyobaki, kwa kuwa sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa.